Waipa za Bwana Hamdun

Katika mtaa mzima wa Mkomani hakuna mtu aliyechukia aluminiamu kuliko Bwana Hamdun. Ukimtajia bati, alikunja uso. Ukimtajia simenti, aliguna. Lakini aluminiamu ilipotajwa mbele yake ilibidi mtu amletee maji. Alikuwa amerithi nyumba za mawe kutoka kwa mababu, nyingine akikaa, nyingine akizikodisha kwa wageni wanaopenda kulala chini ya boriti na kulalamikia joto, na juu ya hayo alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Mtaa ya Kulinda Ukale. Kamati yenyewe ilikuwa ya watu watatu. Ilikutana katika daka lake, pale kwenye viti vya mawe mtu anapoingilia nyumbani, na kazi yake kubwa ilikuwa kumwarifu jirani kwamba jambo analotaka kulifanya haliwezekani.

Neno lake lilikuwa moja tu: asili. Chokaa iwe ya asili, mlango uwe wa asili, hata paka akimpita alimtazama kwanza kama ni wa ukoo wa hapo. Tuktuk za mwanzo zilipoanza kuonekana ukingoni mwa mji, yeye ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuwahimiza watu wazipinge. Alipoulizwa kosa la tuktuk ni lipi hasa, alijibu kwamba haina nasaba. Watu walicheka, lakini kweli haina.

Masika hii adui yake alikuwa dirisha la Bi Hadia.

Bi Hadia alikuwa mjane, jirani wa ukuta kwa ukuta, mshonaji wa kofia za kiume. Dirisha lake la ghorofani lilikuwa limeliwa na mchwa hata ukiligusa laachia unga, na mvua ya kusi ilipopiga ilikuwa haibishi hodi. Ilimlowesha godoro, ikamlowesha vitambaa, na kofia aliyoishona kwa miezi akaikuta imeota ukungu wa kijani juu ya mishono. Fundi wa madirisha ya mti alimwambia asubiri amalize kazi za hoteli, na kazi za hoteli, kama mjuavyo, hazimaliziki. Basi Bi Hadia akaja mbele ya kamati akaomba ruhusa ya kutia dirisha la aluminiamu. Hakuomba zaidi ya hilo. Alitaka kulala pakavu.

Mwalimu Taha, mjumbe wa pili, alikubali papo hapo. Bwana Hamdun alikataa kabla mama wa watu hajamaliza kusema. Ikabaki kauli ya mjumbe wa tatu, Bwana Husni mwenye duka la vikoi, na Bwana Husni alikuwa mtu wa kutikisa kichwa kwa kila msemaji. Taha aliposema, alitikisa. Hamdun aliposema, alitikisa vile vile. Mwisho akaomba muda wa kufikiri, wakaahirisha hadi Jumatatu ya pili.

Hapo ndipo Bwana Hamdun alipopata wazo. Aliona Husni hahitaji maneno. Husni anahitaji kuuonja ukale, aukalie, umpeleke mahali. Akamwalika chakula cha mchana Jumamosi shambani kwake Kililana, na akaahidi kwamba kutoka gati ya Mokowe, ng'ambo ya maji, hadi shambani atamchukua ndani ya gari lake.

Sasa hili gari.

Liliingia maisha ya Bwana Hamdun kwa kosa la mzungu mmoja aliyenunua nyumba kwetu Amu, kisiwani, akaleta gari lake kwa meli hadi Mombasa na kwa lori hadi Mokowe, ndipo akaambiwa kwamba huko anakokwenda vichochoro punda wawili hupishana kwa kuombana radhi. Mzungu alilia kidogo, akaliuza. Lilikuwa gari zuri, Allah aepushe kijicho: jekundu, taa mbili za mviringo zimetoka mbele, paa la turubai la kukunja, na kioo cha mbele kifupi chenye waipa mbili ndogo ndogo. Ukilitazama waweza kuapa kwamba limetoka Uingereza zama za mkoloni. Mzungu, ambaye alikuwa muungwana kwa hilo, alisema wazi mbele ya Bwana Hamdun na mkewe, Bi Mahfudha, kwamba gari lile ni la kuigwa. Bodi ni ya faiba, imemwagwa kwenye kalibu juzijuzi tu, na ndani yake mna injini na matumbo ya kigari cha Kijapani.

Bwana Hamdun alisikia. Kisha akasahau kwa makusudi. Siku ya kwanza alipolitoa, watu wa gatini walimuuliza ni la zama gani, naye akasema, "Hili ni la miaka ya hamsini." Alikusudia sura yake, ndivyo alivyojiambia. Kufika Alasiri maneno yalikuwa yamevuka maji kabla yake, na barazani wakamwambia kwamba gari lake aliwahi kulipanda gavana. Yeye hakusema ndiyo. Alinyamaza tu, na kunyamaza huko akakufanya kwa bidii mwaka baada ya mwaka, mpaka jina la gari na jina lake na neno asili vikawa kitu kimoja.

Bi Mahfudha alijua, na alikuwa na desturi ya kumtazama.

"Wanitazamani?" Hamdun humuuliza.

"Natazama gari la gavana," humjibu, akaendelea kuchambua mtele.

Gari liliwekwa Kililana, chini ya banda la makuti, na kila wiki Bwana Hamdun alivuka kwenda kulihudumia. Nyumbani kwao, tangu kwa babu, mlango wa mbele hupakwa mafuta ya nazi kabla mgeni hajafika. Kumpokea mgeni kwenye mlango mkavu, kwao, ni sawa na kumpokea na uso umekunjwa. Kwa hiyo gari nalo alilipaka mafuta ya nazi. Alipaka usukani wa mbao, akapaka viti, akapaka mipira ya milango, na kwa mapenzi ya pekee akapaka mipira ya waipa, mmoja mmoja, kwa kidole. Kitu cha kale huishi kwa mafuta, ndivyo alivyofundishwa, na kwa mti ni kweli kabisa. Mpira nao ulikuwa haukumwambia kitu.

Mvua kubwa ya wiki ile ndiyo iliyomwambia. Alikuwa njiani kurudi shambani, akawasha waipa, na waipa zikaenda kioo kizima zikikipaka mafuta. Mpira wa kushoto ulikuwa umevimba na kulainika. Ukakatika katikati, ukabaki unaning'inia. Wa kulia ulijikunja. Mikono yenyewe ilikuwa imelegea kwenye vishimo vyake, yacheza huku na huku ikigonga chuma. Hamdun aliliendesha gari kichwa kiko nje ya dirisha, akafika na ndevu zinatiririka.

Na Jumamosi ilikuwa inakuja, na mbingu ilikuwa haina dalili ya kukauka.

Fundi wa magari aliyekuwa karibu ni Ridhwani, kijana wa Faza aliyefungua karakana Mokowe. Bwana Hamdun alikuwa amemkwepa miaka yote. Gari likipata homa aliita fundi kutoka Mombasa, aje afanye na aondoke na alichokiona. Safari hii fundi wa Mombasa alisema barabara imekatika kwa maji, na Hamdun akabaki na Ridhwani, kama mtu aliyebaki na daktari ambaye ni jirani.

"Nataka mipira ya asili," alimwambia. "Ya Uingereza."

"Tuone kwanza, Bwana," Ridhwani akasema, akafungua boneti.

Hamdun alitamani kumzuia, lakini kwa neno gani? Ridhwani akatia kichwa, akatia mkono hadi kwapani. Kisha akacheka kicheko cha furaha, kama mtu aliyekutana na binamu yake ugenini.

"Subhanallah! Mota hii naijua! Si ya kile kigari cha Kijapani wanachobebea mikate? Bwana Hamdun, mbona ulikuwa wajitaabisha? Spea zake zimejaa hadi Mpeketoni!" Akagonga bodi kwa kifundo cha kidole, ikalia po-po-po. "Na hii ni faiba. Hongera. Haitaota kutu hii, mpaka Kiyama."

"Sema polepole," Bwana Hamdun akasema.

"Hapana mtu hapa."

"Sema polepole hivyo hivyo."

Ridhwani akamtazama, akaelewa, na kwa kuwa alikuwa kijana mwenye adabu akajitia kukaza skrubu. Hamdun akamsogelea, akamwomba kwa sauti ya mtu anayeomba posa ambayo hana uhakika nayo, kwamba aliyoyaona yaishie hapo hapo.

"Kunyamaza naweza," Ridhwani akasema. "Lakini mtu akiniuliza sitasema uongo. Sikuzoea."

Ilibidi iwe hivyo. Fundi akafanya kazi yake. Akang'oa mikono ya waipa, akatoa bushi zilizolika akatia mpya, akabadilisha springi zilizochoka ili mikono ikikandamize kioo sawasawa. Ikabaki mipira. Mipira ya yale magari ya mikate ilikuwa mirefu mno kwa kioo kile kifupi. Ingepiga hadi kwenye taa. Ridhwani akazunguka karakana, akarudi na mipira miwili midogo, mipya, bado ina unga wa dukani. Akaipunguza ncha kidogo kwa msumeno wa chuma, akaibana kwa klipu, ikaingia kana kwamba ilizaliwa hapo.

"Hii ni ya nini?" Bwana Hamdun akauliza, na moyoni alikuwa amekwisha kujua.

"Ya tuktuk."

Hamdun akaketi juu ya gurudumu kuukuu lililokuwa karibu. Alikuwa amewaambia watu wa mtaa mzima kwamba kitu kile hakina nasaba. Sasa kimeingia kwenye familia.

Ridhwani akaosha kioo kwa sabuni mara mbili, akakimwagia maji, akawasha waipa. Zikapita kimya, kioo kikatakata, na mkorosho ulio ng'ambo ya barabara ukaonekana jani kwa jani. Hata Bwana Hamdun, katika huzuni yake, alitikisa kichwa kwa kupendezwa.

"Ila jambo moya," fundi akasema, na kwa mara ya kwanza akakaza sauti. "Mafuta usipake. Mpira na mafuta havipatani. Kitambaa na maji tu. Umenisikia, Bwana? Hata tone."

"Nimesikia," Hamdun akasema, na alikuwa amesikia, kama alivyomsikia yule mzungu.

Ilipofika asubuhi ya Jumamosi, alifika shambani mapema akalikagua gari. Viti viling'aa. Usukani uling'aa. Mipira ya waipa, peke yake, ilikuwa mikavu, imefifia, ina rangi ya mgonjwa. Hamdun akaipa mgongo. Akaigeukia tena. Alimfikiria Bwana Husni akilikaribia gari lile na kitu cha kwanza kukiona ni ukavu. Alimfikiria babu yake. Chupa ya mafuta ya nazi ilikuwa pale pale mkononi mwake, na kidole chake, ambacho kilikuwa na mazoea yake, kikajichovya. Alipaka kidogo tu, aliapa baadaye. Lakini mtu aliyezoea kupaka mlango mzima, kidogo chake hukijui.

Sasa kuna desturi moja ya majirani wa Mkomani ambayo haikatwi na ugomvi wowote: nyumba ikipata mgeni, jirani huja kusaidia kupika, hata kama jana mlitoleana maneno. Kwa hiyo Bwana Hamdun alipofika gatini kumpokea Bwana Husni, alimkuta ameshuka botini pamoja na Bi Mahfudha, na nyuma ya Bi Mahfudha, na kikapu cha vitunguu na ndimu, alikuwa Bi Hadia.

"Bi Hadia naye?" alimnong'oneza mkewe.

"Pilau ya wageni naipika na nani? Na gavana?"

Wakapanda. Husni mbele, wanawake wawili nyuma na kikapu chao katikati. Bwana Husni alipapasa usukani, akapapasa kiti, akasema mashaallah kwa kila alichokipapasa. Hamdun akaendesha pole pole, akieleza kwamba mambo ya sasa hayana roho, kwamba leo mtu ataka kila kitu kikavu na chepesi, na kwamba ukale ni kama ibada, una masharti yake. Husni akatikisa kichwa. Walikuwa wamepita nyumba za mwisho za Mokowe wakati mvua ilipoanguka.

Haikuanza kwa manyunyu. Ilimwagika. Bwana Hamdun, kwa utulivu wa mtu aliyejiandaa, akabonyeza kidude cha waipa. Mikono ikainuka kwa nguvu mpya, ikakikandamiza kioo sawasawa kama ilivyotengenezwa, na ikayasambaza mafuta ya nazi juu ya kioo chote kwa ustadi mkubwa. Kioo kikawa cheupe kama bakuli la tui. Kadiri zilivyofuta ndivyo kilivyozidi kuwa cheupe.

"Waiona ndia?" Husni akauliza.

"Naiona," Hamdun akasema. Alikuwa haioni hata boneti.

Akatoa kichwa nje. Mvua ikamjaa machoni. Paa la turubai nalo likaanza kuvuja mahali pa mishono, kwanza juu ya kofia ya Bwana Husni, kisha shingoni mwake. Gari likaacha lami, likaingia kwenye udongo wa kando, likasimama hapo. Waipa ziliendelea kwa bidii ileile.

"Astaghfirullah," Bwana Hamdun akasema. Maji yalikuwa yameshaingia hadi kwenye viatu. Baridi ilimshika, kanzu ikamganda mwilini, na hapo, mbele ya mgeni wake, sauti ilimtoka nyembamba ambayo hakuikusudia: "Jamani, hapana hata kipande cha plastiki humu?"

Mlango wa nyuma ulifunguliwa, na Bi Hadia akashuka mvuani na buibui lake. Alikuwa ametoa ndimu na kipande cha sabuni kwenye kikapu cha jikoni. Akaipasua ndimu kwa meno, akakisugua kioo, akasugua kwa sabuni, akaiacha itoe povu, mvua ikakisuuza. Kisha akainua mkono mmoja wa waipa ili aufute mpira wenyewe kwa pembe ya leso. Hapo akasita.

Hamdun alimwona kupitia kioo kilichoanza kutakata. Alimwona akiugeuza ule mpira kwenye vidole vyake, akiitazama ile klipu, akiitazama ncha iliyokatwa kwa msumeno. Na hapo akakumbuka, kwa maumivu kama ya jino, kwamba Bi Hadia ana mtoto wa dada yake anayeendesha tuktuk Mokowe, na kwamba ni yeye anayemshonea yale mapazia ya mvua, na kumfutia kioo anaposhona. Bi Hadia akauegemea ubavu wa gari kuufikia mkono wa pili. Ubavu ukalia po-po, kama beseni la kufulia. Akaondoa mkono. Akautazama ubavu ule, halafu akamtazama Bwana Hamdun usoni moja kwa moja, maji yakiwatiririka wote wawili.

Akamaliza kuufuta mpira wa pili, akarudi ndani, akafunga mlango.

"Endesha, Bwana Hamdun," akasema. "Mtele watungoja."

Walifika. Walikula. Pilau ilikuwa nzuri na Bwana Hamdun hakuisikia ladha yake. Kila Bi Hadia alipofungua kinywa, kuomba chumvi au kusema bismillahi, Hamdun aliacha kutafuna. Lakini Bi Hadia hakulitaja gari siku ile. Hakusema kitu Jumapili. Ukuta ulio kati ya nyumba zao ni mnene, lakini Hamdun alilala sikio likiwa ukutani, akisikiliza kama kuna kicheko. Alichokisikia, mvua ilipopiga tena, ni mtu akikokota kitanda.

Jumatatu baada ya Alasiri kamati ikakaa. Mwalimu Taha alikuja na hoja zake. Bwana Husni alikuja na mafua. Bi Hadia aliketi pembeni ya daka, na Bi Mahfudha karibu naye, mlango wa nyuma yao ukinukia mafuta. Bwana Hamdun alikuwa ameandaa hotuba, akaifupisha, kisha akaifupisha tena, mwisho akasema tu kwamba wanamngoja Bwana Husni.

Husni akapenga kamasi.

"Mimi nilikuwa sina uamuzi, wallahi," akasema. "Lakini Jumamosi nimepanda gari la Bwana Hamdun. Limenilowesha mpaka mifupani, na nikafikiri. Mtu huyu aweza kununua gari jipya, lenye paa la chuma na waipa za kisasa. Hataki. Amelistahi la kale na shida zake zote, kioo hakioni, paa lavuja, naye avumilia. Gari la kuigwa haliwezi kuvuja vile. Basi nikasema, kama mwenye mali yake avumilia kulowa kwa ajili ya asili, sisi wengine ni nani? Bi Hadia anisamehe. Mimi niko na Bwana Hamdun."

Mwalimu Taha akainamisha kichwa. Mambo yalikuwa yamekwisha: wawili kwa mmoja. Bwana Hamdun alikuwa ameshinda, na alishinda kwa lile lile alilokuwa akiliogopa.

Akamgeukia Bi Hadia, kwa sababu utaratibu wa kamati ni kwamba mwenye ombi hupewa neno la mwisho. Alijua linalokuja. Sentensi moja tu ilimtosha mwanamke yule, na Mkomani nzima ingekuwa nayo kabla ya Magharibi. Alishika ukingo wa kiti cha mawe akaingoja.

Bi Hadia alikuwa na kofia mapajani, ile yenye ukungu. Alikuwa ameileta awaonyeshe. Akaitazama, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya mkoba.

"Sina neno," akasema. "Mvua ni rehema. Kitanda nitakihamishia ukumbini." Akajifunga buibui lake, akainuka. Alipompita Bwana Hamdun hakumtazama kwa hasira wala kwa vitisho. Alimtazama kama mtu atazamavyo nguo ya jirani iliyoanguka kutoka kambani, akaiinua tu akairudisha.

Hapo Bwana Hamdun aliona haya. Si ile haya ya kuogopa watu, aliyokuwa nayo tangu Jumamosi. Hiyo ilikuwa imemwacha. Ilikuwa nyingine. Mwanamke huyu analala kwenye maji, ufunguo wa kujiokoa anao mkononi, na ameutia mkobani pamoja na kofia yake.

"Keti, Bi Hadia," akasema.

Akaketi.

"Gari langu si la asili," Bwana Hamdun akasema.

Mwalimu Taha akainua kichwa. Bwana Husni akabaki na leso puani.

"Ni la kuigwa. Bodi ni faiba. Mota ni ya kigari cha mikate. Yule mzungu alinambia siku ile ile, na Bi Mahfudha ni shahidi."

"Ni shahidi," Bi Mahfudha akasema haraka, kana kwamba alikuwa amelishika neno hilo mdomoni kwa miaka.

Husni akatafuta pa kushika. "Lakini lilivuja! Kioo kilikuwa hakioni!"

"Nilipaka waipa mafuta ya nazi, Husni. Niliambiwa nisipake, nikapaka." Lililobaki ndilo zito kuliko yote. "Na waipa zenyewe ni za tuktuk. Basi ukisema kwamba Bi Hadia alowe kwa sababu mimi nilistahi asili, umemlowesha kwa urongo. Mimi nililowa kitambo kidogo nikalilia plastiki, mwalinisikia. Toa kauli yako upya. Na yangu nimeigeuza: dirisha litiwe."

Mwalimu Taha, mtu mzima na mvi zake, akaanza kutikisika mabega. Husni naye akashindwa, akacheka hadi akakohoa, na kati ya kikohozi na kikohozi akasema litiwe, litiwe. Mpita njia mmoja alisimama mbele ya daka kuuliza kuna nini, na Husni, Mungu amsamehe, akamwambia. Kuanzia jioni ile mpaka hii leo Bwana Hamdun hapiti barazani bila mtu kumuuliza kama njia anaiona.

Lakini wakati wale wanaume wanacheka, Bi Hadia hakucheka. Alikuwa amemsogelea Hamdun, na alisema kwa sauti ya chini isiyowafikia wengine.

"Bwana Hamdun, mimi singalisema."

"Nayua," Hamdun akasema. "Ungalisema wewe, mimi ningalikana."

Bi Hadia akafungua mkoba wake, akaitoa ile kofia, akaanza kuupangusa ukungu kwa kidole gumba.

"Mafundi wa dirisha waje lini?" akauliza.

"Kesho," akasema mwenyekiti. "Kabla ya mvua."